Leseni na sheria za barabarani: maswali ya madereva wapya Tanzania Bara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, ambako sheria mama ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka zake. Ada na faini hubadilishwa mara kwa mara na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika Julai 1. Kabla ya kulipa chochote, tazama kiasi kilichoandikwa kwenye namba yako ya kumbukumbu ya malipo, achana na kiasi ulichotajiwa kijiweni.

Leseni inatolewa na polisi au na TRA?

Wote wawili wanahusika, kila mmoja kwa sehemu yake, na hapo ndipo wageni wengi hupotea. Kikosi cha Usalama Barabarani ndicho kinachokupima na kuthibitisha kwamba unajua kuendesha. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inapokea ada, inachukua picha, alama za vidole na saini, kisha inachapa kadi. TRA haiwezi kukupa leseni bila cheti cha umahiri kutoka polisi, na cheti hicho peke yake hakikuruhusu kuingia barabarani.

Nianzie wapi kama sina kitu chochote mkononi?

Anza na namba ya NIDA, kwa kuwa ndiyo inayokupatia TIN (namba ya utambulisho wa mlipakodi), na bila TIN maombi ya leseni hayaendi popote. TIN hiyo ni ya matumizi yasiyo ya biashara. Kuipata hakukufanyi mlipa kodi wa duka, hofu ambayo imewachelewesha watu wengi bila sababu. Hakikisha majina yako yanafanana herufi kwa herufi kwenye NIDA, TIN na cheti cha shule ya udereva. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule vinatosha kukusimamisha dirishani.

Baada ya hapo jiandikishe kwenye shule ya udereva iliyosajiliwa, kisha ukate leseni ya kujifunzia, ile ambayo wengi huiita lena. Kwenye orodha ya madaraja lena ni daraja H. Ukishaiva, shule hukupeleka kwa mkaguzi wa magari wa polisi kwa majaribio. Ukifaulu unapewa cheti cha umahiri, unakwenda nacho TRA, unalipia, unapigwa picha na kupewa kadi.

Umri wa chini wa kuendesha gari ni miaka 18.

Nikiwa na lena naweza kuendesha peke yangu?

Hapana. Unaendesha ukiwa na mwalimu au dereva mwenye leseni ya daraja la gari hilo, ameketi pembeni yako, na gari liwe na alama ya L mbele na nyuma, zote zikionekana. Kaka aliyekaa kiti cha nyuma akichati hahesabiwi kuwa msimamizi, kwa sababu hafiki hendibreki wala usukani.

Kuna mtu ameniahidi leseni bila majaribio. Kuna ubaya gani?

Vishoka, yaani madalali wasio rasmi kama huyo, wanauza vitu viwili tofauti. Wengine wanakuuzia kadi bandia, na hiyo inagundulika trafiki akiingiza namba yako tu kwenye mfumo. Wengine wanakutafutia kadi halisi kwa njia isiyo halali, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa itakaa kimya mfukoni mpaka siku ya ajali. Siku hiyo kampuni ya bima itauliza ulisoma wapi na ulipimwa lini, na ikibainika kwamba hukupimwa ina sababu ya kukataa kulipa. Utabaki wewe na familia ya uliyemgonga. Tunasema kwa uchungu: fedha anayodai kishoka ingekulipia shule, na shule ingekufundisha kusimama kabla ya kumfikia mtoto anayevuka.

Madaraja ni mengi. Langu ni lipi?

Chagua kulingana na chombo utakachoendesha na kazi utakayofanya nacho.

Daraja B ni la gari binafsi. Haliruhusu gari la biashara, gari zito wala la abiria. Kama unakwenda kazini na kurudi, linakutosha.

Daraja D linaruhusu magari yote isipokuwa pikipiki, magari mazito na ya abiria. Mwenye Kirikuu ya kubebea mizigo ya dukani analihitaji hili, na B haitoshi hata kama gari lenyewe ni dogo. Ukiwa na dalili yoyote ya kufanya kazi ya udereva baadaye, anza na D mapema: daraja E, ambalo linaongeza magari mazito, linataka uwe umekaa na D kwa miaka isiyopungua mitatu.

Familia ya C ni ya abiria. C3 ni ya gari la abiria wasiozidi 4, C2 hadi 15, C1 kuanzia 15 lakini chini ya 30, na C yenyewe ni ya basi la abiria 30 au zaidi. Huwezi kurukia C moja kwa moja. Unapanda ngazi kwa miaka, na unatakiwa mafunzo ya ziada ya magari ya abiria kwenye vyuo kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, au VETA. Teksi inayoitwa kwa programu ya simu nayo inabeba abiria kwa malipo, kwa hiyo dereva mwenye B anayefanya kazi hiyo jioni ili kujiongezea kipato anaendesha nje ya daraja lake.

Kwa pikipiki, A1 ni ya chini ya cc 125 na A ni ya zinazozidi hapo. Bodaboda nyingi mjini ni za cc 150, na mwenye A1 hazimhusu. Bajaji ni A2. Kuwa na leseni ya gari hakukupi ruhusa ya pikipiki. Ni madaraja mawili tofauti, ingawa yanaweza kuandikwa kwenye kadi moja.

G ni la mitambo ya shambani na migodini.

Leseni inadumu muda gani na inagharimu kiasi gani?

Tangu mwaka wa fedha 2019/20 leseni inadumu miaka 5, na ada ilipandishwa wakati huo kutoka shilingi 40,000 za miaka 3 hadi shilingi 70,000. Ada ya lena na ya majaribio inalipwa mbali na hiyo. Zote hulipwa benki au kwa simu kupitia namba ya kumbukumbu; hakuna ada halali inayopokelewa mkononi.

Weka ukumbusho mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Kadi ikipotea, anza na taarifa ya upotevu ya polisi, ambayo siku hizi inaombwa mtandaoni, ndipo uende TRA.

Mkaguzi anaangalia nini kwenye majaribio?

Kwanza anakuuliza alama za barabarani na sheria kwa mdomo au kwa maandishi. Maumbo ya alama yanakusaidia hata ukisahau picha iliyo ndani yake. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au kuweka kikomo. Duara la bluu linaamuru. Pembetatu iliyopinduliwa inakutaka umpishe mwingine. Ya pembe nane ni moja tu: simama, magurudumu yatulie kabisa, hata kama barabara ni nyeupe.

Kisha gari. Kabla hujawasha anatazama mpangilio wako: kiti, vioo vitatu, mkanda, gia ikiwa huru, hendibreki ikiwa juu. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa kwa kukimbilia ufunguo.

Kuondoka mlimani ndiko kunakowatesa wengi, na sababu huwa ni ileile: wanaachia breki kabla injini haijashika. Fanya hivi. Hendibreki juu, gia namba moja, kanyaga mafuta kidogo mpaka uusikie mlio ukipanda, kisha achia klachi taratibu hadi pua ya gari inyanyuke kidogo na mlio ushuke. Hapo ndipo klachi inaposhika. Tuliza mguu papo hapo, angalia kioo, teremsha hendibreki. Gari litakwenda mbele au litasimama palepale, halitarudi nyuma. Gari likizimika, pandisha hendibreki, weka gia huru, washa upya bila haraka. Kuzimikiwa ni kosa dogo kuliko kurudi nyuma kumfuata aliyesimama nyuma yako.

Kwenye kurudi nyuma kati ya koni, kosa kubwa ni mwendo. Tumia nusu klachi, gari litambae kama mtu anayetembea, na ugeuze shingo kutazama kupitia kioo kikubwa cha nyuma badala ya kutegemea vioo vya pembeni tu. Usukani ukizungushwa gari likiwa karibu limesimama, una nafasi ya kusahihisha. Ukizungushwa gari likikimbia, koni imeshalala.

Barabarani anafuatilia zaidi macho yako kuliko mikono. Anataka uone kivuko kabla hajakutajia, uangalie kioo kabla ya indiketa, na uwashe indiketa kabla ya kuhama.

Kikomo cha mwendo ni kipi hasa?

Kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Magari ya abiria na yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi. Penye alama yenye namba, fuata namba hiyo.

Faini nyingi za madereva wapya kwenye barabara kuu zinatoka kwenye vijiji. Alama ya 50 inasimama mwanzoni mwa kijiji, na kikomo kinaendelea mpaka ukute alama ya kukiondoa, ile yenye 50 iliyokatwa kwa mistari. Dereva anaona nyumba zimekwisha, anakanyaga mafuta, na mita mia mbili mbele askari ana tochi, kile kifaa cha kupima mwendo. Nyumba kwisha hakuondoi kikomo. Alama ndiyo inayokiondoa. Na usisubiri ufike kwenye alama ya 50 ndipo uanze kushika breki, kwa sababu tochi inakusoma ukiwa bado mbali.

Sababu ya namba hizo ni hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde; kwa 80, mita 22. Dereva wa kawaida huchukua sekunde moja hadi moja na nusu kabla mguu haujagusa breki. Kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazima, gari la 50 litasimama baada ya takriban mita 35 tangu uone hatari. La 80 litahitaji karibu mita 70. Mtoto aliyekimbilia mpira mita 40 mbele yako anapona kwenye hali ya kwanza na hapati nafasi kwenye ya pili. Mvua ikinyesha, au tairi likiwa kipara, umbali huo unaongezeka sana.

Barabara ya Morogoro hadi Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Humo kuna vikomo vyake, na ukigonga mnyama unatozwa. Twiga na nyati hawana viakisi mwanga, kwa hiyo kama ratiba inaruhusu, ipite mchana.

Kwenye kipilefti nani ana haki ya kupita?

Aliyekwisha ingia, ambaye kwako anatokea kulia. Unampisha, ukipata nafasi unaingia na kuzunguka ukifuata mkono wa saa. Kama unatoka njia ya kwanza kushoto, kaa upande wa kushoto na indiketa ya kushoto tangu mwanzo. Kama unakwenda kulia au kugeuza, kaa ndani na indiketa ya kulia, kisha weka ya kushoto ukishaipita njia iliyo kabla ya yako.

Askari akisimama katikati, mikono yake inashinda taa na alama zote. Hilo si la hiari: taa ikiwa ya kijani na askari amekuinulia kiganja, unasimama.

Na kwenye zebra?

Mtu akiwa kwenye kivuko au akianza kuingia, simama na umwache amalize. Kinachoua pale ni dereva wa pili: wa kwanza amesimama, wa nyuma yake anadhani ni foleni na anampita kwa kulia, huku anayevuka amefichwa na gari lililosimama. Usilipite kamwe gari lililosimama kwenye kivuko. Ukiwa wewe ndiye wa kwanza, gusa breki mapema ili taa zako za nyuma ziwaonye wenzako.

Ninaruhusiwa kupita njia ya mwendokasi kukiwa na foleni?

Hapana, hata usiku, hata ikiwa tupu. Njia hizo ni za mabasi ya mwendokasi na vyombo vya dharura. Basi haliwezi kukwepa, kwa sababu pande zote kuna kingo.

Kulipita gari lingine kunaruhusiwa wapi?

Unapita kwa kulia, penye mstari uliokatika katikati, na unapoona mbele umbali wa kutosha kuanza na kumaliza. Mstari mweupe usiokatika upande wako unamaanisha usivuke. Umechorwa hapo kwa sababu ya kona, kilima au makutano ambayo wewe huyaoni. Indiketa ya kulia ya lori lililo mbele yako usiichukulie kama ruhusa. Wengine huiwasha kukuambia usipite, wengine wanakata kona kweli, nawe huna namna ya kujua.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga nifanye nini?

Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, gia ambayo ungepandia mlima huohuo, na uiache injini ilishike gari. Ukishuka kwa breki peke yake, pedi zinapata moto, zinapoteza mshiko, na kwenye kona ya tatu au ya nne unakanyaga bila gari kupunguza mwendo. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta sehemu salama usimame, breki zipoe zenyewe bila kumwagiwa maji. Kamwe usishuke gia ikiwa huru kwa kubana mafuta.

Pombe: kiasi gani kinakubalika?

Kwa dereva wa kawaida kikomo ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Kwa dereva wa gari la abiria au la biashara ni sifuri. Usijipimie kwa chupa, kwa kuwa uzito, chakula na mwili wa mtu hutofautiana. Jua pia kwamba kipimo hicho hushuka kwa takriban miligramu 15 tu kwa saa. Aliyelala saa nane usiku akiwa na 150 huamka saa moja asubuhi bado ana 75 hivi, na kahawa wala kuoga havimsaidii.

Mkanda ni wa mbele tu?

Sheria inawataja dereva na abiria wa kiti cha mbele. Hilo ni pengo, na wewe usilitumie. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, anavutwa mbele kwa nguvu inayozidi kilo 140. Hakuna mama anayeweza kumshika. Kiti cha mtoto kifungwe nyuma. Kile kinachoelekea nyuma kisiwekwe kabisa mbele ya mfuko wa hewa.

Gari liwe na nini ndani?

Leseni yako, bima hai, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, tairi la akiba lenye upepo na jeki. Gari likiharibika, pembetatu huwekwa mbali, hatua 50 hivi nyuma ya gari, na mbali zaidi kama umesimama baada ya kona. Matawi ya miti hayaonekani usiku.

Stika ya ada ya mwaka ya gari haipo tena. Ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Anayekudai leo ada hiyo anakudanganya.

Bima ndogo inanilinda vipi?

Bima ndogo ni bima ya mtu wa tatu, na ndiyo ya lazima kisheria. Inamlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Gari lako hailigusi. Ukitaka gari lako nalo litengenezwe, kata bima kubwa. Baada ya kulipia, hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) hapohapo. Kama haionekani, huna bima, hata kama umepewa karatasi yenye mhuri.

Nimesimamishwa na trafiki. Nifanye nini?

Washa indiketa ya kushoto, simama nje ya lami, zima injini, shusha kioo, salimia, toa leseni. Muulize kosa ni lipi, na kama ni mwendo omba kuona picha ya tochi. Akiandika faini unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa mwenyewe kwa simu au benki ndani ya siku 7. Ukichelewa, deni linaongezeka. Faini ya kawaida ya kosa moja imekuwa shilingi 30,000, na tangu 2021 ya bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000.

Kulipa ni kukiri kosa. Kama hukubaliani, una haki ya kukataa na kupelekwa mahakamani, na unaweza kusema hivyo kwa heshima bila kupandisha sauti. Kumpa askari noti ni rushwa, na anayetoa anashtakiwa sawa na anayepokea.

Nimegonga. Nianze na nini?

Simama, haraka isikutoe hapo. Washa taa za hatari, weka pembetatu, angalia majeruhi. Usimnyanyue mtu aliyeumia shingo au mgongo isipokuwa kuna moto. Piga 112 kwa polisi, 114 kwa Zimamoto. Majeruhi atahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi kwa ajili ya matibabu. Kabla magari hayajasogezwa, piga picha za pande zote, alama za breki na namba za magari. Usitie saini karatasi yoyote ya kukubali kosa barabarani. Iarifu kampuni yako ya bima siku hiyohiyo. Kama umati umepandwa na hasira na unahofia maisha yako, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe taarifa.

Nanunua gari la mkononi. Kuna la kuangalia kabla ya kulipa?

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini, maana deni linafuata namba, na mmiliki mpya ndiye anayesimamishwa. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi. Jina la muuzaji liwe ndilo lililo kwenye kadi, au awe na hati inayompa mamlaka ya kuuza. Mkishaandikishana kwa wakili, badilisha umiliki TRA mara moja. Muuzaji naye asikubali kuacha kadi ikisomeka jina lake, kwa kuwa gari hilo likigonga mtu mwakani, wa kwanza kutafutwa ni yeye.